Msimbo Bure, Jina la Mwenyewe: Kesi za Programu Huria Zinagombania Nini Hasa

Mei 2019 serikali ya Marekani iliiingiza Huawei katika orodha ya kampuni ambazo haziruhusiwi kuuziwa teknolojia ya Kimarekani bila kibali maalumu. Google ikakata mahusiano ya kibiashara, na ilipofika Septemba mwaka huohuo Huawei ikazindua Mate 30: kamera ya kutisha, bei ya kutisha, Play Store hakuna. Ramani za Google hakuna, Gmail hakuna, YouTube uitafute kwenye kivinjari. Kwa mnunuzi wa Kariakoo au Luthuli Avenue, hiyo ni simu ya kurudisha dukani.

Watu wengi waliuliza swali la haki kabisa. Si tumeambiwa Android ni huria? Si msimbo wake uko mtandaoni, anayetaka anaupakua, anaubadilisha, anauweka kwenye simu anazouza? Sasa Google inamnyima mtu kitu gani?

Ukweli ni kwamba Huawei haikunyimwa Android. Iliendelea kuitumia kihalali, bila kumpigia mtu magoti. Ilichonyimwa ni vitu ambavyo havimo katika leseni: duka la programu, huduma za Google ambazo programu nyingi za dukani humo zinazitegemea ili zifanye kazi, na idhini inayotambua kwamba simu hii inapatana na Android nyingine zote. Hapo ndipo penye fundo la karibu kila kesi kubwa ya programu huria. Msimbo wenyewe hugombaniwa kwa nadra. Watu hupelekana mahakamani kwa sababu ya kile ambacho leseni haikukitoa.

Tuanze na leseni yenyewe, kwa ufupi. Programu huria si mali iliyotelekezwa. Ina mwenyewe, tena mara nyingi ina wenyewe mamia au maelfu, kila mmoja akimiliki mistari aliyoiandika. Wanachofanya ni kutoa ruhusa kwa maandishi, na ruhusa hiyo inasimama juu ya sheria ileile ya hakimiliki inayolinda programu za kulipia. Leseni za Apache, BSD na MIT zinasema, kwa lugha ya mtaani: chukua, fanya utakalo, ila usifute jina langu. GPL ni kali zaidi: chukua, badilisha, hata uza, lakini ukimpa mtu programu hiyo, mpe na msimbo wake kwa masharti haya haya uliyoikuta nayo.

Kwa miaka mingi wanasheria walibishana kama masharti hayo yana meno. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani ilijibu katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, iliyohusu programu ya kuendesha treni za kuchezea. Ndiyo, vitreni vya mezani. Mahakama ilisema kwamba anayekiuka masharti ya leseni huria anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki, si kwa kuvunja mkataba peke yake. Tofauti hiyo ni kubwa, maana aliyetoa kazi yake bure atapata tabu kuthibitisha hasara ya fedha, lakini hakimiliki inampa njia ya kuomba mahakama imzuie mkosaji.

Kwa hiyo leseni zina nguvu. Kesi iliyotikisa sekta nzima, hata hivyo, ilianzia kwenye jambo ambalo leseni haikuligusa vizuri.

Ukarimu wa Sun

Kampuni ya Sun Microsystems ilitoa Java, lugha ya kuandikia programu, mwaka 1995 kwa ahadi moja: andika programu mara moja, iendeshe kwenye mashine yoyote. Waliokuwa na Nokia za vibonye miaka ya 2000 wanaijua Java hata kama hawakujali jina lake. Ile michezo ya faili za .jar tuliyokuwa tukirushiana kwa Bluetooth, hiyo ilikuwa Java ya simu. Watengenezaji wa simu walilipia leseni ili kuiweka humo, na fedha hizo zilikuwa sehemu muhimu ya kile Sun ilichovuna kutoka Java.

Novemba 2006 Sun ikatangaza kwamba inaiweka Java chini ya GPL. Ilishangiliwa sana. Mimi naona ilikuwa hesabu ya biashara iliyovikwa joho la ukarimu, na sisemi hivyo kwa kuilaumu. Kampuni ni kampuni. Mtengenezaji wa simu hapendi GPL ndani ya kifaa chake, kwa hofu ya kulazimika kuanika msimbo wake mwenyewe. Kwa hiyo angeendelea kununua leseni ya kulipia, huku Sun ikihesabika miongoni mwa marafiki wa programu huria.

Je, aliyetaka kuandika Java yake kuanzia mwanzo, bila kugusa mstari hata mmoja wa Sun? Huyo alikutana na mlango wa pili. Ili kazi yake itambuliwe kuwa Java, sharti ipite majaribio ya upatanifu, na majaribio hayo yalikuwa mali ya Sun, yakiwa na leseni yake tofauti. Wakfu wa Apache ulikuwa umeanza mwaka 2005 kuandika Java huria iliyoitwa Harmony. Ulipoomba majaribio, Sun ilitaka kuweka sharti la kubana mahali ambapo Harmony ingeweza kutumika, na walengwa hasa walikuwa watu wa simu. Aprili 2007 Apache ikaandika barua ya wazi ya malalamiko. Sun haikulegea. Cha kuchekesha ni kwamba Oracle, kampuni ya hifadhidata, wakati huo ikiwa bado mdau tu wa Java, ilikuwa upande wa waliotaka lugha hiyo isimamiwe na chombo kisichofungamana na kampuni moja.

Google iliingia katikati ya mvutano huo. Ilikuwa imeinunua kampuni changa ya Android mwaka 2005 na ilitaka mfumo wa simu ambao wasanidi wangeuzoea haraka. Ilijadiliana na Sun kuhusu Java, mazungumzo yakakwama. Barua pepe za ndani zilizokuja kusomwa mahakamani baadaye zinaonyesha kwamba Andy Rubin, kiongozi wa Android, aliliona jambo hili mapema sana: mwaka 2005 aliandika kwamba Sun ikikataa kushirikiana, mojawapo ya njia zilizopo ni kuitumia Java hata hivyo na kuutetea uamuzi huo, hata kama watajitengenezea maadui njiani. Ndicho kilichotokea.

Math.max na kibanda cha chipsi

Hapa kuna jambo moja la kiufundi ambalo mtu akilikosa, kesi yote inamponyoka. Mwandishi wa programu ya Java akitaka kujua ipi kubwa kati ya namba mbili, haandiki ulinganisho huo upya. Anaandika Math.max, anaweka namba zake, maktaba inamjibu. Lile jina, mahali lilipopangwa na namna ya kuliita, ndiyo API. Mistari inayofanya kazi yenyewe nyuma ya jina ni kitu kingine.

Fikiria kibanda cha chipsi. Ukisema "chipsi mayai" Ilala, Mbagala au Mwanza unaeleweka, lakini kila muuzaji ana kikaango chake, mafuta yake na mkono wake. Google ilipika yenyewe. Ilijenga mashine pepe yake (programu inayoendesha programu nyingine) iliyoitwa Dalvik, na sehemu ya maktaba ikaichukua kutoka Harmony ya Apache. Kilichobaki sawasawa na cha Sun ni majina na mpangilio wa vifurushi 37 vya Java, takriban mistari 11,500. Ukipima dhidi ya API nzima ya Java, iliyokuwa na mistari milioni 2.86, ni asilimia 0.4.

Mbona haikutunga majina yake? Kwa sababu mamilioni ya wasanidi walikuwa tayari wanayajua haya kwa moyo. Kuwaletea mapya kungekuwa kuwaanzisha darasa la kwanza.

Android ilitangazwa Novemba 2007, na mkuu wa Sun, Jonathan Schwartz, akaandika hadharani kuipongeza Google. Pongezi hizo zilikuja kuwa ushahidi. Baadaye hali ya Sun ikawa mbaya kifedha, Oracle ikatangaza kuinunua mwaka 2009 kwa dola bilioni 7.4, mauzo yakakamilika Januari 2010, na Agosti mwaka huo Google ikashtakiwa. Siku chache kabla ya kesi kufunguliwa, mhandisi mmoja wa Google alikuwa amewaandikia wakubwa wake kwamba wameangalia njia mbadala za Java na zote ni mbovu, kwa hiyo ni bora kujadili leseni. Mawakili wa Oracle waliisoma barua hiyo kila walipopata nafasi.

Safari ya miaka zaidi ya kumi

Oracle ilianza kwa kudai hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, pamoja na hakimiliki. Kesi ikasikilizwa San Francisco na Jaji William Alsup, ambaye kwa bahati mbaya ya Oracle aliwahi kuandika programu mwenyewe. Oracle ilipolifanya jambo kubwa suala la mistari tisa ya kipande kilichoitwa rangeCheck, Alsup aliwaambia wazi kwamba vipande vya aina hiyo ameviandika mara nyingi. Mwaka 2012 jopo la raia waliokaa kuamua kesi, kama ilivyo desturi Marekani, lilisema hataza hazikuvunjwa, likaona kulikuwa na ukiukaji wa hakimiliki, likashindwa kukubaliana kama matumizi hayo yalikuwa ya haki, yaani yale ambayo sheria inayaruhusu bila idhini ya mwenye hakimiliki. Kisha Alsup mwenyewe akaamua swali la kisheria: majina na mpangilio wa API havilindwi na hakimiliki. Kesi ikaonekana imekwisha.

Haikuwa imekwisha, na sababu ni ya kiutaratibu. Kwa kuwa shauri lilianza likiwa na hataza, rufaa haikwenda kwenye mahakama ya kawaida ya rufaa ya California. Ilikwenda Washington, kwenye mahakama maalumu ya rufaa inayoshughulikia hataza, japo hataza zilikuwa zimeshaanguka njiani. Mwaka 2014 mahakama hiyo ikageuza uamuzi wa Alsup: API ina hakimiliki. Kesi ikarudi chini. Mei 2016 jopo jingine la raia likaamua kwamba Google ilitumia kwa haki, huku Oracle ikidai karibu dola bilioni 9. Mwaka 2018 mahakama ileile ya rufaa ikautupa na uamuzi huo. Mara mbili Google inashinda mbele ya Alsup, mara mbili inanyang'anywa juu.

Aprili 5, 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifunga mjadala kwa kura 6 dhidi ya 2. Jaji Stephen Breyer, aliyeandika hukumu, alikwepa swali kubwa kwa ustadi: tuchukulie, kwa ajili ya hoja tu, kwamba API inalindwa na hakimiliki. Hata hivyo, Google ilichukua kile tu kilichohitajika ili wasanidi walete ujuzi waliokuwa nao kwenye jukwaa jipya, na hayo ni matumizi ya haki. Kwa hiyo hadi leo sheria ya Marekani haijasema kutoka juu kabisa kama API ina mwenyewe au haina.

Waliopinga, Jaji Clarence Thomas akiungwa mkono na Samuel Alito, hawakuwa wapuuzi. Thomas alionyesha kilichotokea kwenye mfuko wa Oracle. Amazon ilikuwa ikilipia Java kwa ajili ya Kindle. Android ilipopatikana bure, Amazon iliitumia kama fimbo na kupata punguzo la asilimia 97.5. Mkataba wa Samsung, uliokuwa wa dola milioni 40, ukashuka hadi kama milioni 1. Anayesema hakuna aliyeumia hakusoma kurasa hizo.

Bado naona Breyer alikuwa sahihi, na sababu yangu haihusu Google hata kidogo. Kama majina ya kuitia huduma yangekuwa mali, kila anayetaka kutengeneza kitu kinachopatana na kilichopo angelazimika kuomba ruhusa kwa aliyetangulia. Oracle yenyewe isingekuwepo. Hifadhidata yake iliyoifanya tajiri, iliyotoka mwaka 1979, ilijengwa juu ya SQL, lugha iliyobuniwa na watafiti wa IBM na kuchapishwa hadharani. Oracle ilipika yake kwa menyu ya IBM, ikawahi sokoni kabla ya IBM, na IBM haikuifikisha popote kwa hilo.

Aliyetoroka mlango, akajenga wake

Sehemu ambayo haisimuliwi sana inaanza Septemba 2012, miezi michache tu baada ya hukumu ya kwanza ya Alsup. Acer ilikuwa imejiandaa kuzindua simu China yenye mfumo wa Aliyun wa Alibaba. Uzinduzi ukafutwa dakika za mwisho. Alibaba ikasema Google imeitishia Acer kwamba itaondolewa kwenye ushirikiano wa Android. Rubin, yuleyule wa barua ya 2005, akajibu hadharani kwamba Aliyun ni Android isiyopatana, na kwamba wanachama wa muungano wa Android wameahidi kutotoa simu zisizopatana.

Soma tena hoja hiyo. Upatanifu. Majaribio. Usipopita, huna jina. Ni hoja ya Sun dhidi ya Apache, neno kwa neno, ikitoka mdomoni mwa mtu aliyeikwepa Sun.

Mwaka 2018 Kamisheni ya Ulaya iliipiga Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa mambo ya Android, na mojawapo ya makosa matatu yaliyotajwa lilikuwa hilohilo: mtengenezaji aliyetaka kuweka programu za Google kwenye simu zake alizuiwa kuuza hata kifaa kimoja chenye Android ya kuchepushwa, yaani iliyonakiliwa na kubadilishwa na mwingine, isiyoidhinishwa na Google. Kamisheni ilitaja Fire OS ya Amazon, iliyojengwa juu ya msimbo wa Android, kama mfano wa mfumo uliokosa watengenezaji kwa sababu hiyo. Mwaka 2022 mahakama ya Ulaya ilipunguza faini kidogo, hadi bilioni 4.125, lakini kiini cha uamuzi kikabaki.

Sasa yaliyoikuta Huawei yanaeleweka vizuri zaidi. Pale aliyeanza ni serikali, si Google, na ni haki kulisema hilo. Lakini serikali isingekuwa na cha kubana kama kila kitu kingekuwa ndani ya leseni ya Apache, ile inayotumiwa na Android. Ilibana kilichokuwa nje yake, na ikaonekana kwamba nje ndiko kuliko na simu anayoitaka mteja.

Wanaolalamika kwamba wanaliwa

Kuna upande mwingine wa mambo, ambapo anayelia ni mtoaji. Shay Banon alitoa Elasticsearch mwaka 2010, injini ya kutafutia data, chini ya leseni ya Apache. Mwaka 2015 Amazon ikaanza kuikodisha kwenye seva zake, tena kwa jina la Amazon Elasticsearch Service. Leseni iliruhusu kila kitu hapo isipokuwa kimoja: jina. Mwaka 2019 kampuni ya Banon, Elastic, ikashtaki kwa alama ya biashara, siyo kwa msimbo, kwa sababu kwa upande wa msimbo haikuwa na kesi.

Januari 2021 Elastic ikabadilisha leseni ili kuzuia biashara ya aina hiyo. Miezi michache baadaye Amazon ikachukua toleo la mwisho lililokuwa huria na kuanzisha OpenSearch. Februari 2022 wakamalizana kuhusu jina, na Elasticsearch ikabaki moja. Halafu mwaka 2024 Elastic ikarudi ikiongeza leseni ya AGPL, ndugu ya GPL, ambayo inahesabika kuwa huria. Miaka mitatu ya vita, wateja wamegawanyika mara mbili, na jambo lililokuwa la haki tangu mwanzo, yaani jina, lingeweza kushindaniwa bila kugusa leseni kabisa. Naielewa hasira ya Banon. Lakini ukitoa ruhusa kwa watu wote, umeitoa na kwa tajiri usiyempenda. HashiCorp haikuangalia mfano huo. Ilifanya vilevile kwa Terraform, programu yake ya kusimamia seva, Agosti 2023, na ndani ya wiki chache wapinzani wakawa na nakala yao huria, OpenTofu.

WordPress, programu ya kujengea tovuti, ndiyo mfano unaonikera zaidi. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia, na ukifungua tovuti za magazeti madogo, shule na misikiti ya kwetu utaikuta kila kona. Iko chini ya GPL tangu mwaka 2003. Septemba 2024 Matt Mullenweg, mwanzilishi mwenza wake na mkuu wa kampuni ya Automattic, alisimama jukwaani Portland akaishambulia WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress, kwamba inavuna bila kupanda. Automattic ilitaka asilimia 8 ya mapato yake. Dai halikuwa kwamba GPL imevunjwa. Dai lilikuwa jina: WordPress ni alama ya biashara, na "WP" inawachanganya wateja.

Inawezekana kabisa WP Engine ilichangia kidogo kuliko ilivyofaa. Kampuni yenye mwekezaji kama Silver Lake nyuma yake ilikuwa na uwezo. Tatizo ni silaha iliyotumika. WP Engine ilizimiwa huduma za WordPress.org, tovuti ambayo kila WordPress duniani huigongea kuchukua masasisho na programu-jalizi. Watu wengi ndipo wakagundua kwamba tovuti hiyo si ya wakfu wowote, ni ya Mullenweg binafsi. Oktoba 12 programu-jalizi ya WP Engine, Advanced Custom Fields, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 2, ikachukuliwa palepale ilipokuwa na kupewa jina jipya. Msimbo ulikuwa GPL, kwa hiyo kuunakili kulikuwa halali. Lakini anwani ya kupakulia, pamoja na watumiaji wote waliokuwa wakiitegemea, havikuandikwa kwenye GPL.

WP Engine ilikuwa imeshafungua kesi Oktoba 2. Desemba 10 Jaji Araceli Martínez-Olguín akatoa zuio la muda: WP Engine irudishiwe huduma, na programu-jalizi yake irudi ilipokuwa. Madai yenyewe yakaendelea kuvutana.

Kusoma zaidi ya faili la leseni

Ndiyo maana naona neno "huria" kwenye tangazo la zabuni au kwenye tovuti ya mradi linajibu swali moja tu, na si lile zito. Ukitaka kujua kama mradi unaweza kugeuziwa watu kesho, angalia hakimiliki iko mikononi mwa nani. Elastic na HashiCorp waliweza kubadilisha leseni kirahisi kwa sababu wachangiaji walikuwa wametia saini makubaliano yaliyoipa kampuni uhuru wa kutoa kazi yao kwa masharti mengine. Linux haina makubaliano ya namna hiyo. Kila mchangiaji anabaki na hakimiliki ya alichoandika, nao ni maelfu, wengine wameshakufa. GPL toleo la 3 ilipotoka mwaka 2007, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakuitaka. Lakini hata angeitaka, angelazimika kuwafuata watu hao wote mmoja mmoja. Fujo hiyo ya umiliki, ambayo mwanasheria yeyote wa kampuni angeiona kasoro, ndiyo kinga ya Linux. Hakuna wa kuinunua, kwa sababu hakuna muuzaji.

Angalia na jina ni la nani, na masasisho yanatoka kwenye seva ya nani. Hayo hayaandikwi kwenye faili la leseni, inabidi uyatafute.

Kwetu jambo hili lina uzito kwa sababu sehemu nyeti za serikali zimesimama juu ya programu za namna hii. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kwa mahitaji ya kliniki za VVU za Eldoret. DHIS2, inayokusanya takwimu za afya kutoka zahanati hadi wizarani, inatumika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo chini ya leseni ya BSD. Kwa leseni hiyo wizara inaweza kuweka mfumo kwenye seva zake, kuubadilisha na kuendelea nao hata Oslo ikikasirika. Kinachobaki Oslo ni jina, ratiba ya matoleo mapya na wahandisi wanaoujua mfumo ndani nje. Siku ufadhili wao ukiyumba, hakuna atakayepelekwa mahakamani. Wizara itakuwa na msimbo wote mkononi, na itabidi itafute watu wa kuusoma.